Kalala kwa mama, kasaini ya hoteli

Juzi nimetoka semina Morogoro. Mada ilikuwa kubana matumizi, msicheke. Washiriki wote tunafanya kazi Dar, tena jengo moja, lenye ukumbi wake na viyoyozi vizima. Lakini usipotoka kituo cha kazi hakuna per diem, yaani posho ya safari, kwa hiyo tukapakiwa kwenye magari hadi Moro kufundishwa kubana matumizi.

Siku ya pili saa tano, mtoa mada akiwa katikati ya slaidi, mhasibu akaingia na karatasi za kusaini. Ukumbi ukafufuka. Waliokuwa wamesinzia wakaanza kuazimana kalamu. Mmoja wetu, kwao Kihonda, hapo hapo Moro, na analala kwa mama yake, akasaini hela ya hoteli huku anapiga stori. Baada ya chakula cha mchana, nusu ya viti vitupu.

Mtumishi akitumwa Kigoma apewe per diem yake yote, tena kabla hajasafiri. Asilale kwa shemeji eti serikali iokoe hela. Kinachoniudhi ni safari kutafutiwa sababu ili posho ipatikane.

Na wakubwa ndio walimu wetu. Mnalikumbuka Bunge Maalumu la Katiba, Februari 2014? Hata ibara moja hawajaigusa, wajumbe wakaanza kulalamika kwamba 300,000 kwa siku haitoshi Dodoma. Ikabidi Pandu Ameir Kificho, mwenyekiti wa muda, aunde kamati ya posho. Katiba mpya mpaka leo hatuna.

Posho ya vikao ndiyo kabisa: mtu ana mshahara wa ubunge, halafu analipwa tena kwa kukaa bungeni! Zitto Kabwe, akiwa mbunge, aliikataa 2011, na mwaka haujaisha tukasikia imepanda kutoka 70,000 hadi 200,000.

Najua mtasema mishahara midogo. Haya, ni midogo. Lakini wa mwalimu wa darasa la kwanza nao ni mdogo, na yeye nani anampeleka Moro?

Halafu jamani, posho haikatwi mchango wa pensheni. Utazunguka semina miaka 30, siku ya kustaafu mafao yanapigwa kwa ule ule mshahara ambao hukuona haja ya kuupigania, kwa sababu Ijumaa ulikuwa na safari ya Bagamoyo.