Kidole kimeshonwa, lakini hakikunji

Shemeji yangu wa Uru alijikata na panga akikata mgomba wa kulisha ng'ombe. Ni vidole viwili vya mkono wa kushoto, upande wa kiganja. Hospitali aliyopelekwa, ambayo sitaitaja, ilimshona vizuri. Kidonda kilifunga bila usaha, nyuzi zikatolewa, akaambiwa aupumzishe mkono mpaka upone. Akaupumzisha kweli, maana ni mtu wa kutii. Leo vidole hivyo vimenyooka kama vijiti, na jembe analishika kwa vilivyobaki.

Nimemkumbuka kwa sababu ya ubishi wa jamaa zangu wawili wanaofanya kazi kwenye huduma za utengamao, zile za kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake, hapa Moshi. Mmoja anasema Kanda ya Kaskazini inahitaji wataalamu wa tiba kwa vitendo waliobobea kwenye mkono, wasiopewa kazi nyingine. Mwenzake anaona hiyo ni anasa: hata wa kawaida hawatoshi, huyo wa vidole atatoka wapi?

Wataalamu hawa wengi wetu tunawaita "watu wa mazoezi", tukiwachanganya na wa fiziotherapia. Mtu wa tiba kwa vitendo anaanzia kwenye shughuli ya mgonjwa. Kidole kinakunjika kwa kiasi gani ni jambo moja. Kama kinaweza kukama ng'ombe, kumenya ndizi au kubana breki ya bodaboda ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo analolifuata.

Hoja ya ubobezi ina nguvu kubwa kwenye kano, zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa. Mkono, kuanzia kifundo mpaka vidoleni, una mifupa 27, lakini misuli mikubwa inayokunja vidole haikai kwenye vidole. Iko kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo, na inavuta kwa kano ndefu kama waya wa breki ya baiskeli. Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili za kukunjia, na kuanzia kiganjani mpaka katikati ya kidole zinapita pamoja ndani ya ala nyembamba. Daktari Mmarekani Sterling Bunnell alilifananisha eneo hilo na ardhi isiyo na mwenyewe iliyo kati ya mahandaki ya vita. Kano ikishonwa hapo ilikuwa inagandana na kovu, kwa hiyo madaktari waliona heri waache kidonda kipone, wapandikize kano nyingine baadaye. Ilipofika miaka ya 1960, daktari Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Marekani, walionyesha kwamba inawezekana kushona mapema, mradi kidole kianze kutembezwa mapema pia.

Hapo penye "kutembezwa mapema" ndipo penye kazi. Ndani ya siku chache baada ya upasuaji mgonjwa huvalishwa gango, kifaa kigumu cha kuushikilia mkono, upande wa mgongo wa mkono, vidole vimeinamishwa mbele, na kila saa anavisogeza kidogo kwa namna aliyofundishwa. Wiki tatu za mwanzo mshono ni dhaifu. Ukimruhusu abebe ndoo, kano inakatika. Ukimwambia atulie, inagandana na kovu kama ya shemeji yangu. Gango huvaliwa kama wiki 6, kazi nzito husubiri mpaka kama wiki 12, na katikati kuna maamuzi madogo madogo: leo mkono umevimba, tupunguze, wiki hii kovu linakaza, tuongeze. Maamuzi hayo yanataka jicho lililoona mikono mingi. Marekani, anayetaka cheti cha tiba ya mkono lazima awe na saa 4,000 za kutibu mikono kabla hata ya kukalia mtihani.

Nikifika hapo nakuwa upande wa jamaa wa kwanza. Kisha namsikia wa pili.

Anasema: mtaalamu mmoja wa tiba kwa vitendo anasubiriwa na mtoto mwenye mtindio wa ubongo, bibi aliyepatwa na kiharusi, na kijana anayetoka kwenye ugonjwa wa akili. Ukimfungia kwenye chumba cha mikono, hao wanakwenda kwa nani? Tena mikono mingi haihitaji fundi wa hali hiyo. Neva, yaani mshipa wa fahamu, ikishonwa huota kama milimita 1 kwa siku. Kinachotakiwa kwa miezi hiyo ni mgonjwa kufundishwa asishike sufuria ya moto kwa mkono usiosikia. Mtoto aliyeungua anahitaji gango linalozuia vidole visijikunje, na mama anayejua kulifunga usiku. Hayo mtaalamu wa kawaida anayaweza. Hata gango lenyewe, plastiki ile inayolainika kwenye maji ya moto inaagizwa kutoka nje, lakini la plasta ileile ya hogo linashika kazi.

Halafu anaongeza jambo lililonikera kwa kuwa ni kweli: mara nyingi kosa hutokea kabla mtu wa tiba hajafikiwa. Majeruhi wa mashine ya kukatia majani anaishia kituo cha karibu, ngozi inashonwa, na hakuna aliyemwambia akunje ncha ya kila kidole peke yake. Kano iliyokatika inabaki humo ndani, na inagunduliwa mwezi ukiwa umepita. Mbobezi wa Moshi mjini hamsaidii huyo.

Na nauli? Mtu wa Rombo kuja mjini mara mbili kwa wiki, akiwa hafanyi kazi, ni hesabu isiyotoka. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unagusa utengamao, lakini ni kwa mwenye mwajiri. Anayekata majani ya ng'ombe wake mwenyewe hana mwajiri.

Msimamo wangu unaegemea upande mmoja kwa kipimo. Kwa kano, nataka mbobezi. KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda hapa Moshi, ipo tangu 1971, inafundisha tiba kwa vitendo, na ina madaktari bingwa wa mifupa. Wawili watatu wa mkono pale si anasa, hasa wakipewa na jukumu la kufundisha wenzao wa Mawenzi, Mount Meru na hospitali za wilaya, na kumfuatilia mgonjwa wa mbali kwa video ya simu. Kwa yaliyobaki, jamaa wa pili ameshinda. Tena ningeanza na lile lake la kupima kidole kimoja kimoja, kwa sababu halihitaji bajeti.

Nilipomweleza shemeji haya yote alinisikiliza, kisha akaenda kutafuta kadi yake ya kliniki. Tarehe ya kurudi iliyoandikwa ilikuwa wiki 6 baadaye. Juu yake, kwa mwandiko uleule: "Apumzishe mkono."