Tetemeko Nairobi: asilimia 10 ni ya nini?

Katika nchi nyingi, wahandisi huchora majengo kwa kufuata mtikisiko ambao uwezekano wake wa kufikiwa au kupitwa ndani ya miaka 50 ni asilimia 10. Ukipiga hesabu, huo ni mtikisiko wa mara moja kila miaka 475, kwa wastani. Wajapani wanaweza kuutafuta katika maandishi yao ya karne nyingi. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na vipima tetemeko vikaja baadaye. Tunaulizwa habari za karne tano, nasi kumbukumbu tulizo nazo hazifiki hata karne moja na nusu.

Wanaosema hatari ya tetemeko Nairobi inakuzwa wana hoja nzito. Tetemeko kubwa zaidi kurekodiwa nchini, la Januari 6, 1928, lilikuwa na ukubwa wa karibu 6.9, lakini liliipasua ardhi huko Subukia, mbali na jiji. Julai 2007, tetemeko la 5.9 karibu na Ziwa Natron liliwatoa watu mbio kwenye maghorofa ya katikati ya jiji. Maghorofa yenyewe yakabaki yamesimama. Halafu kuna mtaa wa Huruma, hapo hapo Nairobi. Jengo la ghorofa sita lilianguka Aprili 2016, likaua takriban watu 50, usiku wa mvua, bila ardhi kutikisika hata kidogo. Kama shilingi ni moja, impeleke mkaguzi kwenye mjengo au inunue kitabu cha hesabu za matetemeko? Mimi pia ningempeleka mkaguzi.

Wanapokosea ni pale wanapougeuza ukimya kuwa ushahidi. Chukua lile tetemeko la kila miaka 475. Uwezekano wa kutoliona hata mara moja katika miaka 100 ni takriban asilimia 81. Yaani karne tulivu ndiyo hasa tunayopaswa kuitarajia, hata kama tetemeko hilo lipo. Newcastle, Australia, ilikuwa katika nchi iliyodhaniwa kuwa tulivu hadi Desemba 28, 1989, tetemeko la 5.6 lilipoua watu 13. Bukoba nayo ilibomolewa nyumba nyingi mwaka 2016 na tetemeko la 5.9, ukubwa ambao huko Japani usingeshangaza mtu.

Upande wa pili, wa wanaotaka hesabu za matetemeko, nao huziamini mno ramani zake za rangi za hatari. Hesabu husimama juu ya kanuni kwamba ukubwa ukipanda kwa kizio kimoja, idadi ya matetemeko hupungua takriban mara kumi. Hiyo "takriban" ndiyo yenye kuleta kasheshe. Tuseme eneo fulani hupata tetemeko la 5 kila miaka kumi. Ukitumia mteremko (kasi ya idadi hiyo kupungua, ambapo 1 ndiyo mara kumi kamili) wa 0.9, tetemeko la 7 litakuja kila miaka 630 hivi, ukitumia 1.1, kila miaka 1,580. Wataalamu wawili waaminifu, data moja, na katika nchi yenye matetemeko machache data hiyo haiwezi kuamua nani kati yao yuko sahihi. Kuongeza desimali hakusaidii. Kinachosaidia ni kuchimba mitaro kuvuka mipasuko ya Bonde la Ufa na kupima umri wa tabaka zilizokatika, maana udongo unakumbuka maelfu ya miaka.

Lakini je, lazima tusubiri jibu hilo? Kwa sehemu kubwa ya Nairobi, sidhani. Angalia maghorofa ya Pipeline au Zimmerman: juu vyumba vyenye kuta, chini maduka au maegesho yaliyoachiwa nguzo tupu. Jengo la namna hiyo likisukumwa upande, ghorofa ya chini ndiyo hulegea kwanza. Ringi, yaani vyuma vinavyozungushiwa nondo za nguzo, zikifungwa karibu karibu kwenye ncha za nguzo, gharama huongezeka kidogo tu, na zinaisaidia nguzo ile ile siku landlord atakapoongeza ghorofa mbili bila kibali. (Na ataongeza.) Hapo ubishi wa miaka 630 au 1,580 haubadilishi chochote. Uchambuzi kamili wa mtikisiko, wenye kompyuta na ada zake, ningeuwekea hospitali, mabwawa na madaraja. Kuulazimisha kwa kila ploti ya ghorofa nne ni kumfundisha mwenye ploti kununua muhuri.

Kwa hiyo yule mkaguzi afike kabla konkriti haijamwagwa. Ringi zikishafunikwa, bila kifaa maalum hakuna wa kuzihesabu.