Kodi ya majengo New Jersey: bunge la katiba lingetibu nini?

Mara nne kwa mwaka, yaani Februari, Mei, Agosti na Novemba, mwenye nyumba wa New Jersey, jimbo la Marekani, hulipa kodi ya majengo. Mwaka 2024 wastani wa bili ya mwaka ulivuka dola 10,000. Bili imegawanywa kwa mistari: kaunti, mji, shule. Shule peke yake humeza zaidi kidogo ya nusu. Mzee aliyemaliza mkopo wake zamani bado anatoa zaidi ya dola 800 kwa mwezi ili aendelee kulala katika nyumba ambayo ni yake. Mpangaji haletewi bili, ila anailipa ndani ya pango: kodi ndani ya kodi.

Mwaka 2004 Gavana James McGreevey alisaini sheria ya kuunda kikosi kazi cha kuangalia kama jimbo liitishe bunge la katiba kwa ajili ya kodi hii tu. Kikosi kikasema ndiyo. Mwaka uliofuata muswada ukapita baraza la chini, ukakwama Seneti. Mwaka 2006 Gavana Jon Corzine akaona bora kikao maalum cha wabunge walewale. Wazo likalala, lakini halijafa.

Wanaolitaka wana hoja nzito: wabunge wanaogopa, na wana sababu. Mwaka 1976 ilibidi mahakama ifunge shule ndipo kodi ya mapato ipitishwe. Mwaka 1990 Gavana Jim Florio alipandisha kodi, ya mauzo ikafika hadi kwenye karatasi ya chooni. Mwaka 1993 wapiga kura wakamwondoa. Nani atamfuata? Mjumbe wa bunge la katiba anakuja, anaamua, anarudi kwake. Wananchi nao hawana njia ya kujiandikia sheria kama wenzao wa California waliopitisha Proposition 13, kura iliyobana kodi ya majengo, mwaka 1978. Tena katiba yenyewe inadai ardhi na majengo yathaminiwe kwa kipimo kimoja, kwa hiyo anayetaka nyumba ya kuishi ibebe mzigo mwepesi kuliko jengo la biashara atagonga ukuta.

Ila inategemea nani anaketi. Ukiwaruhusu wabunge wagombee ujumbe, umerudi palepale. Watanzania waliofuatilia Bunge Maalum la Katiba Dodoma mwaka 2014, ambalo wabunge wote walikuwa wajumbe, hawahitaji kuelezwa.

Wapinzani wanahofia kwamba bunge la namna hii ni mbuzi aliyekata kamba: leo kodi, kesho haki nyingine. Hofu hii naiona imekuzwa. Bunge la 1947, lililoandika katiba ya sasa pale Chuo Kikuu cha Rutgers, lilikatazwa kugusa msingi wa uwakilishi bungeni, na halikugusa. Lile la 1966 liliitwa kwa suala hilohilo la uwakilishi, likaishia hapo.

Kinachonisumbua mimi ni swali la matumizi. Wajumbe wakiambiwa wajadili tu pesa zitoke wapi, watahamisha gunia kutoka bega hili kwenda lile: pungufu ya kodi ya majengo itafidiwa na ya mapato au ya mauzo. Wakiruhusiwa kugusa matumizi, watafika kwenye kifungu cha elimu cha katiba. Kwa kifungu hicho mahakama, kuanzia kesi ya Robinson v. Cahill mwaka 1973 na baadaye Abbott v. Burke, imelazimisha jimbo kupeleka fedha shule za miji maskini kama Camden, ambako majengo ya kutoza ni machache. Ndiyo maana vyama vya walimu vililikataa wazo hili, na hapo siwalaumu. Mtoto wa Camden hapigi kura. Mwenye nyumba wa vitongojini anapiga.

Tusisahau pia kwamba dawa ya katiba imeshajaribiwa. Mwaka 1976 katiba ilirekebishwa ili mapato ya kodi ya mapato yatumike kupunguza makali ya kodi ya majengo, na bado bili za New Jersey ndizo kubwa kuliko zote Marekani. Kwa upande mwingine, mwaka 2010, chini ya Gavana Chris Christie, wabunge wa kawaida waliweka kikomo cha asilimia 2 kwa ongezeko la mwaka, pamoja na vighairi vyake, na kasi ikapungua.

Ningeunga mkono bunge la katiba lenye ruhusa ya kugusa matumizi, kifungu cha elimu kikiwa kimezungushiwa uzio. Lakini hata hilo lingekutana na miji 564, kila mmoja na halmashauri yake, mingi na polisi wake, na karibu wilaya 600 za shule. Miji iliyoitwa Princeton ilikuwa miwili, mmoja ndani ya mwingine kama kiini cha yai. Iliungana mwaka 2013, baada ya wapiga kura kukataa zaidi ya mara moja, na hakuna aliyehitaji katiba mpya.