Lazima, Hiari, au Kidevuni

Mwaka 2022, korona ikiwa bado nasi, karatasi ya shule ilikuja tena. Imekunjwa mara nne ndani ya daftari la hesabu, ina doa la maharage upande mmoja na muhuri upande wa pili, na safari hii haidai rimu ya karatasi, wala fagio mbili, wala sukari ya walimu. Inasema: "Mzazi mpendwa, unaalikwa mkutanoni kujadili kama barakoa ziendelee kuwa lazima au ziwe hiari. Saa tatu kamili." Ukiona shule inakuita mpendwa, shika mfuko wako. Na hiyo kamili ni yao wenyewe, maana mwenyekiti wa wazazi aliingia saa tano kasorobo, baiskeli imejaa nyasi za ng'ombe, akatuuliza mbona hatujaanza.

Hiari! Tangu lini mtu akatuuliza hiari? Shule zilipofungwa Machi 2020 hatukuulizwa. Zilipofungwa tena Juni 2021 hatukuulizwa. Tukakaa na watoto nyumbani karibu miaka miwili, dunia nzima hakuna waliofunga muda mrefu kama sisi wa Uganda, na zilipofunguliwa tarehe 10 Januari 2022 kila mtoto akasukumwa darasa la mbele bila mtihani, suruali ya zamani imemwishia magotini. Baa nazo zikafunguliwa wiki mbili baadaye, watu wakakumbatiana hadi alfajiri. Baada ya yote hayo ndipo tunakalishwa chini ya mwembe, kwenye madawati ya P.2, darasa la pili, yanayobana mapaja, kutoa maoni kuhusu kitambaa.

Tena wametuuliza sisi wa Busia, mpakani na Kenya, watu ambao barakoa tumeziona za kila ukoo. Malori yalipolala barabarani yakisubiri majibu ya vipimo, hapa ziliuzwa za pazia, za shuka, za soksi. Ile ya serikali, ya kila mtu kuanzia miaka 6, ilifika kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, ikagawiwa kwa daftari, unaweka sahihi kama mtu anayenunua kiwanja. Na mlangoni mwa benki barakoa moja iliweza kuingiza watu watano, wa kwanza akitoka anamvulia wa pili. Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa ukicheka.

Mkutano ukafunguliwa kwa dua, kisha kwa ugomvi. Afande mmoja mstaafu alisema lazima, na asiyetaka aruke kichura kuzunguka kiwanja mara kumi, mtoto pamoja na baba yake. Kijana wa boda alisema hiari, kwa sababu mwanawe akirudi nyumbani barakoa huwa ni ya mtoto mwingine. Mama mmoja, mwanawe hasikii vizuri, alisema mtoto wake anamsoma mwalimu midomoni, na tangu Januari anasoma kitambaa. Huyo peke yake alikuwa na hoja, kwa hiyo akapewa dakika moja. Hajati akataka kujua kama elimu ya bure iliyoanza 1997 imeisha au bado, kwa kuwa yeye kila muhula analipa. Mwalimu mkuu akatazama mwembe.

Ndipo akasimama Daktari wa kituo cha afya. Si daktari, ni klinikoo, yaani afisa tabibu, lakini ukimwita vinginevyo utapangwa mwisho wa foleni siku mtoto wako ana malaria. Akasema, "Wazazi wangu, kabla ya kubishana kuhusu kuvaa, tuangalie mnachovaa." Akatoa mfukoni mshumaa na kiberiti.

Sasa sikiliza, maana kipimo chenyewe ni cha kweli na hakina gharama. Kwanza unainua barakoa juani. Ukiona mwanga umepenya nyuzi kama kichungi cha chai, hiyo imekwisha kazi. Pili unaivaa, mshumaa unawekwa mbele ya mdomo kiasi cha futi moja, unapuliza kwa nguvu. Ukizimika, pumzi yako inapita wazi na mate yako yanapita nayo. Usipozimika bado si ushahidi kwamba barakoa ni nzuri. Kipimo hiki kinakamata zile mbovu kabisa. Daktari alilisema hilo mara mbili. Hakuna aliyesikia hata mara moja, kwa sababu foleni ilikuwa imeshafika kwenye choo cha wavulana.

Wa kwanza ni kijana wa boda. Yake ilikatwa kwenye fulana ya timu ya mpira. Alivuta pumzi, akajiandaa, na mshumaa ukazimika kabla hajamaliza kujiandaa. Kicheko. Daktari akaeleza: fulana imefumwa kwa vitanzi, ukiivuta usoni vitanzi vinafunguka, na kadiri uso unavyokuwa mnene ndivyo matundu yanavyopanuka. Kijana akauliza kama anaambiwa mnene. Akajibiwa kwamba suala hilo haliko kwenye ajenda.

Wa pili, Afande. Ile ya serikali, imefuliwa kwa dawa ya kung'arisha tangu 2020, rangi imeshahama nchi. Akapuliza, moto ukafa. Akasema ni upepo. Kiberiti kikawashwa tena, akapuliza, ukafa. Akaamuru ukuta: akina mama wanne wakashika leso kuuzunguka mshumaa, na yeye akaingia katikati kama bibi harusi. Safari hii moto ulilala chini ukainuka tena, tukaanza kupiga makofi, kumbe pumzi yote ilikuwa imepanda juu na miwani yake imekuwa nyeupe. Daktari akamwambia, "Mzee, miwani ikipata ukungu ujue barakoa inavuja puani. Bana pale juu." Akabana. Akapuliza. Mshumaa ukazimika, na leso moja ikaanguka.

"Upepo wa Kenya huo," akasema Afande, akarudi kukaa kwa hadhi zake zote.

Wa tatu ni mama muuza mandazi. Ya kwake ilikuwa ya kitenge, imekaa usoni kama imepimwa na fundi seremala. Akapuliza. Kimya. Akapuliza mpaka kilemba kikalegea, mshipa ukasimama shingoni, na moto hata salamu haukumpa. Mkutano mzima ukasimama. Banange, hakuna aliyeuliza tena lazima wala hiari, swali likawa, "Nani amekushonea?" Na fundi alikuwepo, kwenye dawati la nyuma, akijifanya anasinzia. Akainuka taratibu kama mchumba aliyeitwa na wakwe, akataja bei. Dakika kumi nzima mkutano wa shule ukawa gulio.

Lakini fundi anajua kazi yake, apewe haki. Alisema ya mtu mzima hukatwa sentimita 25 kwa 15, na ya mtoto wa shule ya msingi 20 kwa 13 hivi, ila usikariri namba, pima kutoka mwanzo wa pua hadi chini ya kidevu halafu ongeza ya mikunjo. Mikunjo mitatu, yote ielekee chini, ikielekea juu inakusanya vumbi. Tabaka tatu. Mbele na nyuma kitenge, kwa kuwa nyuzi zake zimebanana. Katikati ile nguo ya mifuko ya kubebea inayotoka upande wa pili, iliyoenea tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017. Ukiivuta mfuko ule hauoneshi nyuzi, ni plastiki iliyoyeyushwa ikatandazwa kama utando, na hapo chembe ndogo ndipo zinaponaswa. Yadi moja ya kitenge chenye upana wa kawaida inatoa vipande 32 vya mtoto, yaani barakoa 16, nazo zinataka lastiki mita 4 na kidogo. Ikiwa kubwa kwa mtoto, usiipeleke tena kwa fundi. Piga fundo kwenye lastiki karibu kabisa na kitambaa, kisha sukuma pembe za pembeni ziingie ndani, inakaa.

Akasahau kusema jambo moja, nalo likasemwa na mama mwingine kwa uchungu: plastiki ile ya katikati haipendi moto. Pasi ya umeme ina kidude cha kupunguza joto. Pasi ya mkaa ina mkaa. Alipoiweka juu ya barakoa ilitoka na tabaka moja, na kesho yake tabaka hilo likajichapa kwenye shati jeupe la shule, liko hapo hadi leo. Kwa hiyo fua kwa maji moto na sabuni, anika juani, pasi achana nayo. Fundi akasema hilo lilikuwa linajulikana. Kwa nani?

Kijana wa boda hakuridhika. Akasema mtu avae akitaka, uso ni wake. Daktari akamuuliza, "Usiku taa ya boda ni ya nani? Ya kukuonyesha njia tu, au na mwenye lori akuone?" Akaeleza kuwa barakoa ya kitambaa inazuia zaidi kinachotoka kwa aliyevaa kuliko kinachoingia, kwa hiyo ukisema hiari, anayevaa anamkinga asiyevaa, na asiyevaa anamrudishia kikohozi. Watu wakaguna kwa kuelewa. Kijana akafikiri kidogo, akasema, "Daktari, taa yangu haiwaki tangu Desemba."

Hapo mtu unaanza kuchoka kwelikweli. Tumebishana saa mbili kuhusu kuvaa na kutovaa, na nje pale watoto wanacheza mpira, barakoa zote kidevuni, golikipa ameifunga ya kwake kwenye goti lenye kidonda. Hesabu yenyewe hakuna aliyeigusa. Barakoa ikilowa pumzi matundu yake yanajaa maji, hewa inatafuta njia ya pembeni, na kilichobaki usoni ni urembo. Mtoto anayekimbia na kupiga kelele anailowesha kabla ya mapumziko ya uji. Kwa hiyo ni mbili kwa siku na ya tatu iko kambani inakauka. Mwenye watoto wanne ana barakoa 12 za kufua, na msimu wa mvua ulikuwa ndio huo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisema tangu 2020 kwamba wa miaka 5 kushuka chini asilazimishwe, wa 6 hadi 11 iangaliwe hali ya ugonjwa na kama kuna mtu mzima wa kumsimamia, wa 12 kupanda afanye kama wakubwa. Mtu mzima wa kumsimamia! Mwalimu ni mmoja, watoto wamejaa mpaka kizingitini, na yeye mwenyewe ameshusha yake ili P.1 wasikie tofauti ya "ba" na "pa".

Na hilo darasa lenyewe. Madirisha yako pande mbili, yalijengwa hivyo na mtu mwenye akili ili hewa iingie huku itokee kule. Ya upande wa barabara yamepigiliwa mabati kwa sababu ya mbuzi na wauza pipi. Basi hewa inaingia, inazunguka, inawasalimia wote, inabaki. Kung'oa mabati yale ni kazi ya nyundo moja na nusu saa, bila kitenge, bila lastiki, na pumzi ya wote ingetoka nje bila kumuuliza mzazi hiari yake. Nani alileta ajenda ya dirisha? Mama mwenye mtoto asiyesikia aliinua mkono kulisema. Akaambiwa dakika yake imekwisha.

Kifaa cha kunawa kiko mlangoni, jerikeni ya lita 5 iliyoning'inizwa kwenye mti, unakanyaga kijiti inainama. Ni ufundi mzuri sana ikiwa ndani kuna maji. Kamba imekatika, tundu limepanuliwa kwa kalamu, na sabuni iliyofungwa pembeni ilichukuliwa na kunguru wiki ya kwanza. Kunguru au mlinzi, uchunguzi unaendelea.

Kura ikapigwa kwa mikono. Waliosema lazima walihesabiwa na waliosema hiari wakahesabiwa, jumla ikazidi watu waliohudhuria, kwa maana Hajati aliinua mkono kote kote ili asigombane na jirani. Mwenyekiti akasoma azimio: barakoa ni lazima, kwa hiari ya mzazi, kulingana na uwezo. Makofi. Katibu akaandika hivyohivyo, mwalimu mkuu akapiga muhuri. Afande peke yake aliuliza maana yake ni nini, akaambiwa aulize kwenye mengineyo, na mengineyo yakawa uji.

Ya uji nayaacha, hayo yana damu.

Ila mtu atufafanulie hili la sabuni. Daktari alisema fua kila siku, sawa, tulikubali, na mche wa sabuni ukawa unapanda bei kila ulipopita dukani. Januari ile tulisema ni mafuta, madereva wa malori waligoma hapa mpakani kwa ajili ya vipimo, petroli ikakosekana, kila kitu kikapanda nayo. Malori yakatembea tena, bei ikabaki palepale juu imekaa. Mwenye duka siku hizo alikuwa anaukata mche kwa uzi vipande vyembamba, unaweza kusoma gazeti upande wa pili, na kipande hicho kinamaliza kola moja na mkono mmoja wa shati. Ukimwambia mbona nyembamba anakuambia vuka ng'ambo ukanunue huko. Ukivuka, unakuta mwenye duka wa ng'ambo ameegemea kaunta, naye anasubiri ije kutoka kwetu.