Kila riwaya na ahadi yake

Ukimsikiliza mtu aliyepita shule zetu akizungumzia riwaya, awe wa Dar es Salaam au wa Nakuru, utamsikia akianza na dhamira, akaja kwenye ujumbe, akamalizia na wahusika mmoja baada ya mwingine pamoja na sifa zao, kana kwamba bado anajibu swali la mtihani. Sina ugomvi na dhamira. Nimeanza kuamini, hata hivyo, kwamba mazoea hayo yanatufanya tuzisome vibaya riwaya za miaka hii, kwa sababu waandishi wa Afrika hawaandiki tena riwaya ya aina moja. Kuna za upelelezi, za kifantasia, za kisayansi, za kejeli na za maisha ya nyumbani, na kila utanzu humwekea msomaji ahadi yake tangu ukurasa wa kwanza. Ya upelelezi huahidi taharuki, ya kejeli huahidi kicheko chenye uchungu, na ya familia huahidi kwamba mambo madogo ya jikoni na sebuleni yatakuwa na uzito. Siku hizi naipima riwaya kwa namna ilivyoitimiza ahadi hiyo, na kwa kipimo hiki baadhi ya vitabu vyenye sifa kubwa hupungua, na vingine vilivyodhaniwa kuwa vya burudani tu hupanda.

Mfano mzuri ni “My Sister, the Serial Killer” cha Oyinkan Braithwaite, kilichotoka mwaka 2018, chenye mandhari ya Lagos. Korede ni muuguzi, mtu wa utaratibu na usafi. Mdogo wake, Ayoola, ni mrembo asiyejua majuto, na ana desturi ya kuwaua wanaume anaotoka nao kwa kisu alichokiacha baba yao. Riwaya inafunguka Korede akiwa ameitwa kuja kusafisha. Kabla hatujamjua vizuri marehemu ni nani, tumeshaelezwa jinsi jiki inavyoficha harufu ya damu. Sura ni fupi mno, nyingine hazizidi ukurasa, na msomaji anayejiahidi kusoma moja kabla ya kulala atajikuta amesoma kumi. Katikati ya taharuki hiyo anaanza kujitokeza baba wa mabinti hawa, mtu wa heshima mbele ya watu na wa mkono mzito nyumbani kwake, na hapo msomaji hujiuliza mwenyewe mauaji haya yalianzia wapi hasa. Hakuna mhusika anayesimama kuhutubia juu ya ukatili wa majumbani. Mwanafunzi akiombwa kutaja dhamira ataipata bila taabu, lakini ataipata kwa kuwa aliogopa kwanza.

Kitabu kilichonishika zaidi ni “The House of Rust” cha Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa Mombasa mwenye asili ya Kihadhrami, yaani ya Hadhramaut huko Yemen. Muswada wake ndio ulioshinda Tuzo ya Afrika ya Graywolf Press ilipotolewa kwa mara ya kwanza, kitabu kikatoka mwaka 2021, na mwaka uliofuata kikawa cha kwanza kupata Tuzo ya Ursula K. Le Guin. Aisha ni binti wa mvuvi aliyekwenda baharini asirudi. Bibi yake, Hababa Swafiya, anamtakia maisha yanayoeleweka, yaani ndoa, nyumba, na majirani wasiokuwa na la kusema. Binti anachagua kupanda chombo kilichoundwa kwa mifupa, akiwa na paka anayesema, na kwenda kumtafuta baba yake kwenye kina ambako viumbe wa kutisha wanamsubiri, akiwemo papa anayeitwa Baba wa Papa.

Riwaya ya kifantasia huahidi ulimwengu wenye sheria zake, na waandishi wengi wanaoujaribu utanzu huu humaliza kurasa nyingi wakizieleza sheria hizo kama mwongoza watalii aliyelipwa kwa saa. Bajaber haelezi. Paka anasema kwa sababu anasema, na mtoto yeyote wa pwani aliyelazwa kwa ngano za majini na mazimwi hatauliza amejifunzia wapi. Zaidi ya hapo, viumbe hawa wana adabu zao. Wanasalimia, wanatoa masharti, wanakasirika wakivunjiwa heshima, na Aisha anawakabili kwa maneno na ujanja kuliko kwa mabavu. Nilipofika kwenye mazungumzo yao nilihisi nawasikia wazee wa barazani wakipimana, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi ya kujikwaa kwa ulimi wake mwenyewe. Kiingereza cha kitabu kinabeba mwendo huo kwa uzuri ambao siku hizi sioni hata katika baadhi ya vitabu vya Kiswahili sanifu.

Baada ya bahari, hadithi inarudi nchi kavu, kunguru wanachukua nafasi kubwa, na kasi inapungua, tena sana. Msomaji aliyekuja kwa ajili ya papa atachoka. Kwangu mimi, hata hivyo, nusu hiyo ya pili ndiyo inayomtofautisha Bajaber na msimulizi wa ngano wa kawaida, kwani ngano humrudisha shujaa nyumbani na kumwoza, wakati huyu anamrudisha nyumbani ili tuone kwamba nyumba yenyewe imekuwa ndogo kwake. Mazungumzo ya Hababa Swafiya kuhusu ndoa yana tishio ambalo sikulipata kwenye meno ya kiumbe yeyote wa baharini.

Sasa nije kwenye riwaya ya kisiasa, ambayo ndiyo iliyotulea wengi wetu. “Nguu za Jadi” cha Clara Momanyi kilitoka mwaka 2021 na kimechukua nafasi ya “Chozi la Heri” cha Assumpta Matei katika shule za sekondari za Kenya. Tunapelekwa katika nchi ya Matuo, inayotawaliwa na Mtemi Lesulia, ambako Waketwa wanabaguliwa na kunyang’anywa makazi, na mzigo wa hadithi anaubeba mwanamke, Mangwasha. Momanyi anaandika Kiswahili kilichokomaa, na methali zake huingia mahali pake. Kinachonisumbua ni kwamba wahusika wake wanajua mno kile wanachokiwakilisha. Mtemi ni mbaya kwa kila neno analotamka, mwanaharakati ni mwanaharakati hata anapopumzika, na mazungumzo mengi yanasikika kama yameandaliwa ili yanukuliwe kwenye insha. Kurasa zilizonigusa ni zile ambazo Mangwasha hana nafasi ya kuhutubia, mtaa wa Matango umeteketezwa, mumewe Mrima hana msaada wowote, na yeye ana watoto wa kuwatafutia pa kulala. Hapo riwaya inapumua.

Nikikumbuka jinsi “Chozi la Heri” kinavyoanza, Ridhaa akiwa kwenye magofu ya jumba lake lililoteketea na jamaa zake ndani, naona kwamba Matei pia alikuwa na ujumbe mzito, ila aliuacha usubiri hadi jivu lionekane. Wala simlaumu Momanyi peke yake. Riwaya inayotazamia kuingia darasani huandikwa ikijua mwalimu atauliza nini, na wachapishaji wetu, ambao biashara yao kubwa ni vitabu vya shule, hawana sababu ya kumshauri mwandishi afiche kitu ambacho mtahini anataka kukiona.

Ugonjwa huo wa kuutanguliza ujumbe haujui lugha. “Glory” cha NoViolet Bulawayo, cha mwaka 2022, kinasimulia kuanguka kwa mtawala mkongwe wa nchi ya Jidada, ambako raia wote ni wanyama na mtawala ni farasi mzee. Anayeijua Zimbabwe ya mwaka 2017, Robert Mugabe alipoondolewa madarakani, hahitaji ufunguo. Kejeli ina nguvu ikiwa fupi, na hii ni ndefu mno. Mikutano ya chama, hotuba, wapambe na mabishano ya mitandaoni yanarudiwa hadi kicheko kinaisha na uchungu unabaki peke yake. Kisha mbuzi Destiny anakwenda na mama yake kwenye kijiji ambako ndugu zao waliuawa na askari mwaka 1983, na ghafla hatusomi tena kuhusu wanyama. Bulawayo anaweka utani kando, anasimulia mauaji kwa utulivu, na sura hizo ni miongoni mwa kurasa bora nilizozisoma katika riwaya yoyote ya Afrika ya hivi karibuni. Ningefurahi kama mhariri angekata theluthi moja ya kilichotangulia.

Riwaya ya kisayansi nimeionja katika “The Old Drift” cha Namwali Serpell (2019), kilichopata Tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2020, na nakiri haraka kwamba mimi si msomaji mzuri wa utanzu huo. Nilichokipenda ni historia yake ya Zambia kuliko mustakabali wake wa vifaa vinavyopachikwa mkononi. Edward Mukuka Nkoloso, mtu wa kweli aliyetaka kuwapeleka Wazambia mwezini katika miaka ya 1960, akiwabingirisha wanafunzi wake ndani ya pipa la mafuta ili wazoee hali ya angani, ni mhusika ambaye mwandishi angeombwa amwondoe kama asingekuwa amepata kuishi kweli. Serpell hamcheki, wala hamfanyi shujaa.

Riwaya ya nyumbani ndiyo inayodharauliwa zaidi kwa kuwa haina papa wala mtemi, na ndiyo ngumu kuliko zote. “Theft” cha Abdulrazak Gurnah kilitoka mwaka 2025, kikiwa riwaya yake ya kwanza baada ya kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na ukikisimulia kwa mtu utaona aibu, maana hakuna kikubwa kinachotokea. Vijana watatu, Karim, Fauzia na Badar, wanakua kati ya Unguja na Dar es Salaam. Wanasoma au wanakosa kusoma, wanapata kazi, wanaoa, wanavunjana moyo. Badar analetwa katika nyumba ya Dar es Salaam kuwa mtumishi, bila kuelezwa vizuri kwa nini yuko pale wala kwa nini mzee wa nyumba hataki hata kumtazama. Baadaye anatuhumiwa wizi asioufanya, na Karim anamchukua Unguja, ambako anapata kazi hotelini.

Gurnah anajua jinsi nyumba zetu zinavyomweka mtoto wa kazi, ambaye huitwa mwana na hulala stoo, husifiwa kwa wageni kwamba ni kama wa damu, kisha kitu kikipotea huulizwa yeye wa kwanza. Hakuna sentensi inayotuambia kwamba hili ni dhuluma. Badar mwenyewe halalamiki. Anajifunza kupika, anajifunza kunyamaza, anajifunza kupima hasira ya mtu kwa mlio wa hatua zake. Polepole tunagundua kwamba wema wa Karim nao una bei, na kwamba aliyesaidiwa anatarajiwa kubaki mdogo daima. Huu ndio wizi ninaodhani jina la kitabu linaulenga, ingawa Gurnah ni mwandishi mjanja na huenda analenga zaidi ya mmoja. Wapo watakaosema hadithi inakwenda taratibu mno. Inakwenda taratibu, ndiyo, na mimi niliwahi kuishi katika nyumba ya namna hiyo na ninajua kwamba mambo yake hayaendi kwa kasi nyingine.

Isipokuwa cha Momanyi na cha Matei, vitabu vyote nilivyovijadili nimevisoma kwa Kiingereza, na jambo hilo halinipi raha. Riwaya ya Gurnah ya mwaka 1994, “Paradise”, ilisubiri miaka 28 kabla Ida Hadjivayanis hajatupatia “Peponi” kupitia Mkuki na Nyota mwaka 2022, tena baada ya Nobel kutushtua. Kama ningeombwa kuchagua kinachofuata ningekitaja cha Bajaber bila kufikiri mara mbili, kwa kuwa wasomaji wake wako tayari wakimsubiri, kuanzia Mombasa hadi Muscat.

Na upelelezi usisahauliwe. Wapelelezi wa riwaya zetu za Kiswahili, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, walisomwa kwenye mabasi, magereji na vibanda vya kinyozi na watu ambao hakuna aliyewatungia mtihani, na warithi wao leo wanaandika hadithi za vipande kwenye simu, kila kipande kikikatika pale hasa pasipofaa kukatika. Mchapishaji atakayekubali kuchapa riwaya nzuri ya namna hiyo, bila maswali ya mazoezi mwishoni, anihesabu miongoni mwa wateja wake wa kwanza.