Kulungu kajeruhiwa: umfuate sasa hivi au ungoje?

Wawindaji wa kulungu huko Marekani kila msimu wa kuwinda kwa upinde wanabishana jambo lilelile, umeachia mshale, mnyama kashtuka kaingia vichakani, je ushuke mtini ulipokuwa umejificha umfuate au utulie kwanza? Wapo wa ngoja ngoja, wapo wanaosema ukichelewa nyama imeenda.

Mi naona kabla ya kubishana muokote mshale muuangalie. Damu ya pinki yenye mapovu hayo ni mapafu, huyo hana safari, nusu saa inatosha kabisa. Damu nyekundu iliyokolea, karibu nyeusi, hilo ni ini, wazoefu wanakaa masaa 4 mpaka 6. Ukikuta majimaji ya kijani yananuka basi umepiga tumbo, na mara nyingi huyo utakua ulimuona anakunja mgongo na kuondoka taratibu tu, hapo wanasema masaa 8 hadi 12.

Na hiyo ya tumbo ndo yenye ugomvi. Asiposumbuliwa analala karibu tu na kufia hapohapo, ila ukimkurupua anainuka na anaenda mbali sana, tena tundu limeshazibwa na mafuta au utumbo kwahiyo hadondoshi hata tone, unabaki na tochi na vipande vya tishu ulivyotundika kwenye matawi kuonesha damu ilipoishia, mbele hamna kitu. Wa upande wa pili nao hawajakosea, mvua ikinyesha damu yote imefutika, koyote (mbwa mwitu wadogo wa huko) wakimuwahi usiku unakuta mbavu, na kumuacha mnyama anateseka usiku kucha sio kitu cha kujisifia.

Ila angalia, hofu ya mvua ni ya mtu anayetafuta kwa macho. Mbwa wa kunusa aliyefundishwa hategemei damu peke yake, kuna harufu inatoka kwenye tezi za katikati ya kwato, na anaweza kumfuata huyohuyo mmoja hata kesho yake. Ujerumani wana mpaka jamii ya mbwa, Hannoverscher Schweißhund, inayofugwa kwa kazi hii. Marekani kila jimbo lina sheria yake, mengi yanataka mbwa awe kwenye kamba. Kwahiyo kama mbwa yupo mi nangoja hata kukinyesha, na sikanyagi kanyagi ile njia maana unasambaza harufu kila mahali na kumchanganya mbwa wa watu.

Kwa Waislamu kuna la ziada. Mafundisho yanaruhusu kula ulomkuta baada ya siku moja au mbili kama ulitaja jina la Mungu na hana alama nyingine zaidi ya mshale wako, ila akiwa katumbukia majini unamuacha, hujui kafa kwa mshale au kwa maji. Na aliyepigwa tumbo wawindaji wengi wanakwambia hukimbilia maji! Hiyo peke yake inatosha kutomkurupua.

Kwenye joto ndo sina ubishi na wa haraka. Septemba kusini mwa Marekani jua kali, matumbo yamepasuka, masaa 12 ni kumtupa. Hapo ningeingia mapema, polepole, mshale mwingine tayari upindeni.