Akaunti ya msimamizi isilindwe na neno la siri peke yake

Mama muuza mitumba pale Kibuye hufunika simu kwa kiganja akibonyeza PIN ya M-Pesa. Lakini nenda ofisini, hapa hapa Kisumu, uliza neno la siri la msimamizi wa mtandao, lile linalofungua barua pepe za wafanyakazi wote. Zaidi ya mara moja nimelisoma kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini ya kibodi.

Mwaka jana niliitwa na duka moja la jumla. Wateja walikuwa wakipokea ankara zenye akaunti ya benki isiyo ya duka. Nikapekua kumbukumbu za mfumo: mtu alikuwa ameingia kama msimamizi saa nane usiku, siku kumi na moja nyuma. Ndani ya barua pepe ya mhasibu nikakuta kanuni, yaani agizo la kushughulikia barua zenyewe, iliyopewa jina la nukta. Nukta moja tu, ungedhani ni uchafu wa kioo. Kila barua yenye neno "ankara" ilikuwa ikitumwa nakala nje. Neno la siri lilijulikana na watu watatu, na mmoja wao alishaacha kazi.

Hatua ya pili, yaani kudaiwa namba ya muda kutoka kwenye programu ya simu yako baada ya neno la siri, ingemzuia huyo mgeni. Siku ya kuiwasha, simu yako na seva hupeana siri moja, kisha kila upande hupiga hesabu kwa kutumia siri hiyo na saa. Ndiyo maana zile namba sita hubadilika kila sekunde 30, na programu hufanya kazi hata ukiwa ndani ya Seme pasipo na mtandao.

Namba za kuletewa kwa SMS ni afadhali kuliko kukosa, ila kwa msimamizi hazitoshi. Tapeli akifanikiwa kuhamishia namba yako kwenye laini yake, SMS zinamfuata yeye. Hata namba za programu unaweza kulaghaiwa ukaziandika kwenye tovuti bandia. Msimamizi mkuu anunuliwe ufunguo wa USB, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, ambao hukagua anwani ya tovuti kabla ya kujibu. Anunuliwe miwili, mmoja ukipotea asifungiwe nje.

Pingamizi ninalolisikia kila mara ni hili: "Sisi watatu tunatumia akaunti moja, sasa namba ziende kwa simu ya nani?" Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Kila msimamizi awe na akaunti yake, na anayeondoka yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Kuna rauta zisizokubali hatua ya pili. Ukurasa wake wa usimamizi usiachwe wazi kwenye intaneti; ufikiwe kupitia VPN, njia iliyofungwa ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje, inayodai namba. Sisi ambao mafuta hutufikia kwa bomba kutoka Mombasa tuikumbuke Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta ya Marekani. Aprili 2021 wadukuzi waliingia kwa akaunti ya zamani ya VPN iliyolindwa na neno la siri tu. Mei bomba likasimamishwa kwa siku kadhaa, na kampuni ikawalipa wadukuzi bitcoin 75.

Lile duka sasa lina wasimamizi wawili, kila mmoja na simu yake. Namba za akiba, za kuingilia simu ikipotea, tulizichapisha zikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungiwa ndani ya sefu, na kile kikaratasi cha kibodi nilikichana mbele ya mwenye duka.